Mwanya wangu, pengo langu

Bajaji ilifunga breki pale Nkuhungu, Dodoma, kumkwepa mbuzi, mimi nikaenda mbele, mdomo wangu ukakutana na lile bomba la chuma lililo nyuma ya dereva. Maumivu yalichelewa. Kilichotangulia ni mlio, kama wa mtu anayevunja karanga, halafu ulimi ukaenda wenyewe kulitafuta jino la mbele la kulia na kukuta kipande chenye ncha. Ilikuwa Agosti 2021, saa moja kasoro asubuhi, na madaftari ya darasa la kwanza yalikuwa yametapakaa miguuni kwangu.

Dereva akageuka. "Mwalimu, nikupeleke hospitali au shule?"

Nikamwambia shule. Ndivyo tulivyo.

Nafundisha watoto kusoma, na mwalimu wa kusoma asiye na jino la mbele la juu ana shida ambayo mhasibu hana: fa, fe, fi, fo, fu. Herufi hiyo unaitoa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini, na hewa ikipata pengo la kupitia inageuka mluzi. Siku ya tatu niliandika "fisi" ubaoni, nikaisoma, darasa zima likapiga mluzi pamoja nami. Na wao wenyewe, watoto wa miaka sita na saba, nusu yao walikuwa mapengo matupu. Mmoja akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwalimu, na lako litaota?"

Nilimwambia tutaona.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya mwanya, maana ndio uliofanya safari hii kuwa ndefu. Nina mwanya. Nimeurithi kwa mama, wa Manyoni, mkoani Singida, ambaye aliolewa, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu ya mwanya na upishi wa mlenda, kwa mpangilio huo. Bibi, mama yake mama, alikuwa hana meno mawili ya chini ya katikati. Yaling'olewa akiwa binti, kama ilivyokuwa desturi kwa Wagogo wa enzi zake, na sikuwahi kusikia mtu akisema bibi ana mapengo. Alikuwa na kinywa cha watu wa kwao, basi. Kwa hiyo nimekulia kwenye nyumba ambayo nafasi kati ya meno ilikuwa na maana.

Na nimekulia kwa maji ya kisima. Mkoa wa Singida ni mmoja wa mikoa yetu ambayo maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi sehemu nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya huyatoa yakiwa na mistari myeupe kama chaki, na yakizidi, madoa ya kahawia. Ukitazama vizuri utaona madoa hayo huja kwa jozi, kushoto na kulia, kwa sababu meno pacha hujengwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa na doa dogo la kahawia, la ukubwa wa punje ya ulezi, kwenye kila moja ya yale meno mawili ya mbele. Sasa nilibaki na doa moja.

Kliniki ya kwanza sitaitaja. Jino lilikuwa limepasuka chini ya fizi hadi kwenye mzizi, na lisingeokoka. Kuling'oa halikuwa kosa. Kosa lilikuwa namna. Mfupa ulio mbele ya mizizi ya meno ya juu ya mbele ni mwembamba ajabu, mara nyingi haufiki milimita 1, kama ganda la yai. Daktari mpole hukata nyuzi zinazoshika jino, akalizungusha kidogo kidogo, akalitoa bila kulisukuma upande wa mdomo. Mimi nilisukumwa. Jino lilipotoka lilikuwa limebeba kipande cha mfupa mgongoni. Nilikiona kwenye sinia, nikadhani ni sehemu ya jino.

Halafu hakuna aliyeniambia kwamba saa imeanza kuhesabu. Mfupa unaoshika jino unaishi kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, nao unaondoka. Ndani ya mwaka mmoja upana wa taya mahali hapo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea miezi mitatu ya kwanza. Mimi nilikaa karibu miaka miwili. Nilikuwa nachanga hela, kwanza, na pili nilidhani pengo ni pengo, linasubiri tu.

Muda huo nilivaa pleti, ile plastiki ya rangi ya waridi inayokaa kaakaani na jino moja limechomeka mbele. Siidharau. Ni nafuu, inatengenezwa haraka, na wengi wetu tumekula nayo harusi na misiba. Ila yangu ililetwa na jino jeupe kama sahani, tena pana. Aliyeitengeneza alikuta nafasi kati ya jino langu la kushoto na lile dogo la pembeni kulia, akaijaza yote. Kazi yake ilikuwa kuziba, akaziba. Mama aliponiona alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umerudisha jino, umepoteza mwanya." Hakulitaja tena, na hiyo kwa mama ni adhabu.

Pleti ile ilinitoka mbele ya darasa mwezi Julai, upepo wa Dodoma ukiwa umejaza vumbi hadi puani. Nilipiga chafya moja. Ikadondoka juu ya dawati la mbele, ikazunguka, ikatulia. Mtoto mwenye dawati akaitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, chukua."

Wiki ile niliomba mkopo kwenye kikoba.

Bei sitaitaja, maana kila mahali wana yao na itakuwa imeshabadilika ukisoma hapa. Niseme tu kwamba bima yangu ililipa kung'oa, haikulipa kupandikiza, na kwamba hela niliyotumia ingenipatia kitu chenye magurudumu.

Juni 2023 nikaketi mbele ya daktari bingwa hapa hapa Dodoma. Nilitegemea aniambie "fungua mdomo". Akasema, "Cheka." Nikacheka kile kicheko cha picha ya kitambulisho. "Hapana, cheka kama umesikia umbea." Nikacheka. Akaangalia mdomo wa juu unapanda hadi wapi, kisha akapiga picha. Alikuwa anatafuta kama fizi zangu zinaonekana ninapocheka, na zinaonekana. Wenye mdomo unaoshuka chini wana bahati, wanaficha mengi. Sisi tunaocheka hadi fizi, kila kosa litakaa dirishani.

Kisha akasema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Mwalimu, jino ni kazi rahisi. Kazi ni nyama."

Sikumwelewa kwa miezi kadhaa. Sasa namwelewa. Ukimtazama mtu usoni, jino la bandia hulitambui kwa jino. Unalitambua kwa ukingo wa fizi uliopanda juu kuliko wa jirani, kwa kivuli cha kijivu chini ya ngozi, na kwa kale katundu keusi kati ya meno mawili, mahali palipotakiwa kuwa na kipembe cha nyama. Kipembe hicho hakisimami chenyewe. Kinasimama kwa sababu kuna mfupa chini yake, na jino juu linalogusa jino. Mwaka 1992 daktari wa meno Tarnow na wenzake wawili, Marekani, walipima meno ya asili ya watu: pale ambapo kutoka mfupa hadi sehemu meno yanapogusana palikuwa milimita 5 au pungufu, nyama ilijaa karibu kila mahali. Kwenye milimita 6, zaidi kidogo ya nusu. Kwenye 7, kama robo tu. Milimita 2, na kicheko kimebadilika.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ya titaniamu inayokaa mfupani badala ya mzizi. Kiligunduliwa kwa bahati: mwaka 1952 Msweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevikumbatia, havitoki. Mgonjwa wa kwanza kuwekewa, mwaka 1965, aliitwa Gösta Larsson, akaishi navyo kinywani hadi alipofariki mwaka 2006. Daktari alinisimulia hayo akiwa anasubiri ganzi ishike. Nadhani alitaka nimfikirie huyo mzee badala ya sindano.

Kwangu skrubu haikuwa na pa kukaa. Picha ya siti skani ilionyesha taya limebonyea mbele, kama mtumbwi uliobanwa ubavuni. Ikabidi kwanza niongezewe mfupa: unga wa mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi ukabaki madini tu, ukafunikwa na utando mwembamba, fizi ikashonwa juu yake. (Utando huo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kama hilo lina uzito kwako uliza mapema, vipo vya asili nyingine. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitonya.) Agosti hadi Machi, nikisubiri mfupa. Nilirudi kwenye pleti yangu, imechongwa isiguse mshono, na F zangu zikawa za kubahatisha.

Halafu tukafika kwenye mwanya.

Daktari aliniuliza kama nautaka. Lilikuwa swali halali; wapo wanaolipa kuufunga. Nikamwambia nautaka kama ulivyokuwa, nikamletea picha ya mahafali yangu ya chuo, nimecheka hadi mwisho. Akaipima. Jino la kushoto lilikuwa na upana wa milimita 8.5, mwanya 2. Nafasi nzima kwa hiyo ni 10.5. Mtu akitoboa katikati ya nafasi, kama jicho linavyomtuma, ataweka mzizi milimita 5.25 kutoka jino la pembeni. Lakini jino langu halikuwahi kukaa katikati ya nafasi. Katikati yake yenyewe ni 4.25. Tofauti ni milimita 1. Ukiikosa hiyo, fundi atakayeweka jino juu yake hana ujanja: atalinenepesha jino afunge mwanya, au atalipinda litoke fizini kama mche uliokosa jua.

Ndiyo maana kazi ilianzia mwisho. Kwanza lilichongwa jino la nta kwenye mfano wa kinywa changu, pana sawasawa na pacha wake, mwanya ukiwa wazi. Nikaliona, nikalikubali. Kutokana na hilo kikatengenezwa kifuniko cha plastiki chenye tundu moja, na tundu ndilo lililoongoza keekee. Skrubu iliingia ikiwa imeachwa angalau milimita 1.5 kutoka mzizi wa jirani, mfupa wa kama milimita 2 mbele yake, na kichwa chake milimita 3 hivi chini ya ukingo wa fizi utakaokuja. Kama ungekuwa na swali moja tu la kumuuliza daktari kabla hajakutoboa, muulize: nitaliona jino lini? Akisema baada ya kutoboa, rudi nyumbani ukafikirie.

Kwenye siku hiyo hiyo alinikata kipande cha nyama kaakaani akakishonea mbele, ndani ya fizi, kuinenepesha. Fizi yangu ni nyembamba, na titaniamu chini ya fizi nyembamba huonekana kama wino chini ya karatasi. Kwa sababu hiyo pia kishikizo kinachounganisha skrubu na jino kilikuja kuwa cha zirkonia, kauri ngumu nyeupe. Kutoboa mfupa hakukuniuma kiasi cha kusimulia. Kaakaa ndilo lililoniuma, wiki nzima, kama mtu aliyekunywa uji wa moto kwa papara.

Agosti 2024 nikapata jino la muda, la plastiki, limefungwa kwa skrubu. Hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu "kazi ni nyama". Daktari alinipa kioo nishike. Alipolikaza, fizi iliyolizunguka ikageuka nyeupe, nyeupe kabisa, kama ncha ya kidole ukikibana. Nikashtuka. Akasema subiri, akaangalia saa. Dakika baada ya dakika uwaridi ukarudi kutoka pembeni kwenda katikati, na ulipokwisha kurudi nyama ilikuwa imekaa umbo jingine. Kila wiki kadhaa alilitoa, akaliongeza unene kidogo hapa, akapunguza pale, akalirudisha. Miezi mitatu akiisukuma nyama hivyo, hadi upande wa jino la pembeni kipembe kikajaa. Upande wa mwanya aliacha pawe na mteremko laini, kama ilivyo upande wa pili. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza. Ningeomba usiiruke, hata kama umechoka, na utakuwa umechoka.

Fundi sanifu wa meno aliyetengeneza jino lenyewe yuko Dar es Salaam. Tulijaribu kumtumia picha kwa WhatsApp; akajibu kwa sentensi moja: "Simu yako imempaka poda, mlete." Treni ya umeme ilikuwa imeanza kuja Dodoma mwezi Julai mwaka huo, kwa hiyo Desemba, shule zimefungwa, nilipanda asubuhi na kabla ya mchana nilikuwa Upanga, kwenye chumba kidogo chenye tanuri dogo na dirisha kubwa.

Mzee yule hakunisalimia kwa jina wala cheo. "Karibu, futa lipstiki." Akanikalisha dirishani, taa akazima. Akatoa kibao chenye meno 16 ya mfano, yamepangwa kwa herufi kutoka A hadi D, akalisogeza moja moja karibu na jino langu la kushoto, akiangalia kwa sekunde chache tu kisha akitazama pembeni, kwenye karatasi ya kijivu, kupumzisha jicho. Kila baada ya muda aliniambia, "Funga mdomo, lilambe." Jino likikauka hupauka, ukichagua rangi kwenye jino kavu utaletewa jino jeupe kuliko wenzake, na utagundua nyumbani.

Alichora jino langu kwenye karatasi, kubwa kama kiganja. Shingoni akaandika njano. Katikati akachora ule mstari wa chaki. Ncha ya chini akaiwekea samawati nyembamba, mahali ambapo mwanga unapita. Kisha akaweka nukta ya kahawia, akanyanyua kalamu.

"Dada, hapa ndipo nauliza. Nikupe jino jeupe, ukalisafishe na hilo jirani lifanane? Au nikupe lako?"

Aliniambia ukweli wote: kauri haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo kama nina mpango wa kung'arisha meno, ning'arishe kwanza, kisha yeye alinganishe. Nilikaa kimya pale dirishani. Nimechekwa kwa madoa hayo tangu chuo. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama napiga mswaki. Ilikuwa nafasi ya kuyafuta, na nilikuwa tayari na deni, deni jingine lingekuja kuketi juu ya lile la kwanza.

Nikamwambia, nipe langu.

Akapaka. Anapaka kwa brashi ya nywele chache, anachoma, anaangalia, anapaka tena. Doa halikai juu kama uchafu, analizika chini ya tabaka la mwisho, lionekane limo ndani ya jino kama lilivyo la kweli. Nililala kwa dada yangu Tabata siku mbili nikisubiri.

Watu wananiuliza maswali tangu nirudi. Mzazi mmoja alitaka kumpandikizia binti yake wa kidato cha pili aliyevunjika jino uwanjani; nilimwambia alichoniambia daktari, kwamba kipandikizi hakisogei na taya linapokua, meno mengine yatashuka lile libaki juu, kwa hiyo asubiri akomae na kwa sasa avae la kuvua au daraja la kugandisha. Hata kwetu watu wazima meno husogea kidogo kidogo, na miaka 15 ijayo langu laweza kuonekana fupi. Mvuta sigara, mwenye kisukari kisichotulia, mwenye fizi zinazotoka damu: shughulikia hilo kwanza. Jino hili halitoboki, lakini fizi yake inaugua kama nyingine, kwa hiyo napitisha uzi kila usiku.

Na halijakamilika. Ukingo wa fizi uko juu ya jirani kwa kama nusu milimita. Naiona kila asubuhi. Hakuna mwingine aliyewahi kuiona, na nimewaonyesha.

Krismasi nilienda Manyoni. Mama alikuwa anachambua choroko uani. Hakuinuka. "Cheka nione," akasema. Nikacheka kama niliyesikia umbea. Akaweka ungo chini, akanishika kidevu kwa mkono wenye vumbi la choroko, akageuza uso wangu kwenye jua, huku na huku.

"Mwanya upo," akasema. Kisha akasogea. "Na hili doa? Si jino jipya? Limetoka wapi?"

"Fundi kalipaka, mama."

"Kalipaka kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Na umelipia?"

"Nimelipia."

Mama alicheka hadi ule mwanya uliomwoza ukaonekana wote, akamwita jirani kwa sauti juu ya ukuta aje amwone mtoto aliyepanda treni hadi Dar es Salaam kununua doa.